Nje ya Ua wa Minyaa

Buswelu, Mwanza
8 Juni 1997

Kwa mke wangu wa Dar es Salaam, Evelina,

Baba yako Jonathan amefika salama na treni, na kile kikaratasi cha kampuni yenu ya utalii amenipa. Nimekisoma mara mbili, kwanza kwa miwani, kisha kwa hasira. Picha ya twiga ni nzuri. Karatasi nayo ni laini; zamani karatasi ya namna hii tuliiona kwenye vitabu vya misa tu. Lakini pale mnapoieleza Hifadhi ya Rubondo mmeandika kwamba ni "kisiwa ambacho hakijawahi kukaliwa na binadamu." Nani aliandika maneno hayo? Kama ni wewe, piga magoti hapo ulipo, kisha uendelee kusoma.

Mjukuu wangu, bibi yako Getruda alizaliwa Rubondo.

Najua hukuambiwa. Bibi yako hasimulii habari za huko, na baba yako hakuwahi kuuliza. Mimi nilimwoa kutoka kisiwa hicho mwaka 1948, nikiwa mwalimu kijana wa shule ya misheni upande wa Geita. Mama yake alifariki mwaka 1957, akazikwa palepale nyumbani kwake kama wenzake wote. Miaka ya sitini serikali ikakitenga kisiwa kwa ajili ya wanyama. Wakazi wakahamishiwa ng'ambo, na shemeji zangu wakaenda kuanza upya Muganza. Kisha wakaletwa sokwe kutoka bustani za wanyama za Ulaya, na tembo, na twiga. Silaumu. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, na ninajua kwamba bila sheria ile msitu wa Rubondo ungekwisha kuwa mkaa, kama miti ya vilima vyetu hapa Ilemela ilivyokwisha tukabaki na mawe. Ni kazi kubwa waliyoifanya, nami nawavulia kofia. Lakini anayeusifu msitu hana haja ya kusema haukuwa na watu.

Sasa sikiliza shauri langu, na libaki kati yetu. Mwaka huu Nane Nane inaangukia Ijumaa, kwa hiyo serikali imetupa siku tatu za mapumziko bila kujua kwamba inanisaidia. Nataka kumpeleka bibi yako akasimame kwenye kaburi la mama yake. Hajarudi tangu watu walipohamishwa. Magoti yake yanachoka. Mwaka jana alikuwa akipanda kilima cha kanisani bila kusimama, mwaka huu anasimama na kujifanya anatazama mashamba. Mwakani sijui.

Nikimwambia kwamba safari ni yake, atakataa. Atasema kuku, atasema jumuiya, atasema Jonathan amepunguzwa kazi kiwandani na huu si wakati wa kutembea. Tangu nimwoe hajaniomba kitu cha kwake mwenyewe. Kwa hiyo nimemwambia ni mimi ninayetaka kwenda, kuwaona furukombe, na nzohe wale swala wa kwenye matete, kabla sijafa. Alinitazama, akasema, "Haya Mwalimu. Kama ni ndege, twende."

Ninaomba kampuni yenu itushughulikie kibali na boti, nawe uje tufuatane.

Mume wako mzee,
Venant Ndalahwa


Dar es Salaam
19 Juni 1997

Mume wangu mzee, shikamoo.

Nimepiga magoti. Nilikuwa ofisini, bosi akadhani natafuta kalamu chini ya meza.

Sentensi ile sikuitunga mimi, niliikuta. Lakini niliichapa kwenye kompyuta kwa vidole vyangu, na juzi tu niliwasomea wageni wawili kutoka Uholanzi, nikatabasamu na kutabasamu. Babu, mimi ni mtoto wa mtoto wa Rubondo na nimekuwa nikiiuza kama mahali pasipo na mtu. Usiku wa kupata barua yako sikula vizuri. Nilikuwa najiuliza ni mara ngapi nimekaa jikoni na bibi nikimwuliza habari za kupika dagaa, nisimwulize alizaliwa wapi.

Nakuja. Nimeshaomba ruhusa. Kibali nimekishughulikia, na wenzetu wa hifadhi wamejibu kwa redio kwamba boti itatusubiri Kasenda Ijumaa mchana. Kuna nyumba ndogo za wageni, wanazifagia. Nimewaeleza kwamba ni mzee mmoja mpenda ndege na mke wake. Uongo wako nimeupiga mhuri.

Ila nina maswali. Kwanza, ni zaidi ya miaka thelathini, na wageni wetu wanasema ndani ya msitu ule huoni mbele. Utajuaje nyumba ilikuwa wapi? Pili, huyo mama mkwe wako alikuwaje? Hujawahi kumtaja hata siku moja. Mlikosana nini?

Mkeo wa mjini,
Evelina


Buswelu, Mwanza
29 Juni 1997

Evelina mpenzi,

Maswali mazuri, na nitayajibu kwa mpangilio, maana wewe ukisoma haraka huruka.

Nyumba tutaijua kwa ua wake. Watu wa kule walizungushia nyumba zao minyaa, ile miti ya kijani isiyo na majani, ukiivunja inatoa utomvu mweupe unaochoma macho. Nyumba ya udongo huanguka baada ya masika kadhaa, migomba hufa isipopaliliwa, lakini mnyaa hauhitaji mtu. Hauliwi na mnyama, hauogopi kiangazi. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa juu kidogo ya ghuba ndogo yenye jiwe kubwa jeupe kwa kinyesi cha ndege. Tukiliona jiwe, tupande moja kwa moja mpaka kwenye minyaa.

Njia ni hii. Alfajiri tunavuka Kigongo kwenda Busisi, kisha Sengerema, Geita, Muganza, na mwisho Kasenda. Omba tu magugu maji yasiwe yamejaa kwenye gati, maana siku hizi yanafunga ghuba nzima kama zulia, na mashua hukwama katikati ya maua mazuri ya zambarau. Nzohe tutawatafuta kwenye matete asubuhi mapema. Kwato zao ni ndefu na hupanuka ili wasizame kwenye matope, na wakiogopa hujificha majini wakabakiza pua. Nimemweleza bibi yako yote haya jioni tatu mfululizo ili aamini. Jioni ya tatu alilala.

Sasa mama mkwe. Hatukukosana hata kidogo. Simtaji kwa sababu sikumwona.

Ninyi mliozaliwa juzi mnaona mkwe anamkumbatia mama mkwe wake ukumbini, wanapigwa picha wakilishana keki. Kwetu mkwe hakutani uso kwa uso na mama wa mke wake, wala haingii ndani ya ua wake yeye akiwepo. Si chuki. Huyo ndiye aliyemzaa mtu unayempenda kuliko wote, na heshima yake ni kubwa mno kuiangalia machoni. Kwa hiyo nilipokuwa nikienda kumsalimu, nikifika kwenye kona ya ua, nilikohoa. Kikohozi kile kilikuwa na maana: mkwe yuko njiani. Yeye akijua, anapita upande wa migomba, nami nakaa nje kwenye kigoda walichoniwekea. Halafu kutoka ndani nilisikia sauti yake akiwaambia watoto walio karibu, "Mwambieni mwalimu apumzike, jua ni kali." Maneno hayo hayo kila safari, hata siku ya mvua. Nami nawaambia watoto, "Mwambieni mama tumefika salama."

Miaka tisa tuliongea hivyo. Nilimjua kwa sauti, kwa ugali wa muhogo aliotuletea, na kwa binti aliyemlea. Katika wanawake wote niliowahi kuwaheshimu, yeye ni wa kwanza, na sijui hata kama alikuwa mrefu au mfupi.

Mumeo,
V. Ndalahwa


Buswelu
6 Julai 1997

Mke mwenzangu Evelina,

Naandika mwenyewe. Mwalimu ameenda mjini posta. Mwandiko ukifanana na wake usishangae, ni yeye aliyenifundisha, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, kwa kijiti kwenye mchanga.

Nasikia mnapanga safari ya Rubondo. Nataka ujue mambo mawili ambayo yeye hawezi kukuambia.

La kwanza, babu yako anaogopa maji. Tangu meli ile ilipozama mwaka jana na rafiki yake Mwalimu Nkwabi akiwa ndani, hajakanyaga chombo cha majini. Mwezi wa pili tulialikwa harusi Sengerema, akasema kiuno kinamwuma. Kiuno chake ni kizima. Ni kivuko cha Kigongo asichokitaka. Mtu huyu alikuwa akivuka ziwa kwa mtumbwi kuja kunichumbia, anapiga kasia anaimba. Sasa amesema mwenyewe, bila kusukumwa, kwamba atapanda boti akaone ndege. Nilimtazama nikaona amesema kweli. Kama ndege wanaweza kumrudisha majini, mimi ni nani niwazuie? Nitakaa upande wake nimshike.

La pili ni langu. Mimi sitaki kwenda.

Nyumba ya mama yangu naiona kila siku. Nikichambua mchele naiona. Mlango unatazama ziwa, jiwe la kusagia liko kushoto, kuna jogoo mmoja mwekundu anapanda juu ya ghala, mama anamfukuza. Haijabomoka kwa sababu sijarudi. Kaka zangu walirudi mara moja, kabla hakujakatazwa kabisa. Wakaniambia, "Hakuna kitu, Getruda, ni pori." Na tangu siku ile wao wenyewe hawakuisimulia tena ile nyumba mpaka walipokufa. Waliiona imekuwa pori, ikawa pori na kichwani mwao. Nami nikiona pori nitarudi hapa sina mahali nilipozaliwa. Naogopa hilo kuliko babu yako anavyoogopa maji.

Lakini nitakwenda. Usimwambie.

Mke mkubwa,
Getruda


Dar es Salaam
15 Julai 1997

Bibi, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama posta, watu wananipita. Bibi, kwa nini hukunisimulia habari za jogoo? Ningemsikiliza huyo jogoo utoto wangu wote.

Kuna jambo najua na siwezi kulisema, niliahidi. Naomba unielewe hivyohivyo. Ila naweza kusema hili: boti iko mikononi mwangu. Ukitaka isiwepo, haitakuwepo. Nitamwambia babu kwamba injini imeharibika, au kwamba bosi amekataa. Atanuna wiki moja, atakwenda kuwatazama ndege wa Kisiwa cha Saanane kwa darubini akiwa nchi kavu. Hutalazimika kuona chochote.

Niandikie neno moja tu.

Mke mdogo,
Evelina


Buswelu
22 Julai 1997

Evelina,

Usiiguse boti. Jana nimemkuta nyuma ya nyumba ameweka benchi juu ya magogo mawili. Amelikalia, linayumba, ameshika kingo mbili, macho amefumba. Nikamwuliza, "Mwalimu, unafanya nini?" Akasema anajaribu miguu ya benchi. Ukiifuta safari hii, umemrudisha nchi kavu, na hatatoka tena.

Mimi nitaweza. Nimekwisha kusema nitaweza.

Getruda


Dar es Salaam
28 Julai 1997

Babu, shikamoo.

Habari hii ni mbaya, na naandika haraka ili ikufikie. Sitakuja. Kundi la wageni waliokuwa waje Septemba wamefika sasa, na bosi amenipa kazi ya kuwapeleka Mikumi siku hizohizo za Nane Nane. Nilimwomba, akaniuliza kama naipenda kazi yangu, akaonyesha kwa mkono wale vijana wanaopanga foleni nje na vyeti vyao. Unajua hali ya siku hizi. Baba hana kazi, na mimi ni mshahara wa nyumba mbili.

Kila kitu kimepangwa. Askari wa hifadhi atakayewapokea anaitwa Mhoja, ni kijana wa Magu. Nimemweleza kwa redio kuhusu jiwe jeupe, akasema pale juu wao wenyewe hupaita Minyaa, wakienda doria hupumzika hapo. Kwa hiyo ua upo, Babu. Ulisema kweli.

Naomba kitu kimoja, na usiniulize sababu. Mkifika pale, usimvute bibi mkono. Usimwonyeshe hiki kilikuwa hiki na kile kilikuwa kile. Mwache afike mwenyewe, au asifike. Niahidi.

Mkeo mwenye huzuni,
Evelina


Buswelu, Mwanza
6 Agosti 1997

Evelina,

Barua imefika leo, ndiyo nimetoka posta. Pole, na usijilaumu. Kazi ni kazi, na siku hizi mtu haichezei.

Habari ya mkono nimeielewa vizuri: ni magoti. Mtu mwenye magoti mabovu ukimvuta unamwangusha, uzito unahama ghafla. Nimemchongea fimbo ya mkwaju, nimeilainisha kwa chupa iliyovunjika, imependeza. Kuhusu kueleza, nitajitahidi. Unaniomba jambo gumu, lakini nitajitahidi.

Vitu vyote vimefungwa: mihogo ya kuchemsha, karanga, chai kwenye chupa, rozari yangu na sweta la bibi yako. Kesho kutwa alfajiri tuko Kigongo.

Venant Ndalahwa


Buswelu, Mwanza
13 Agosti 1997

Evelina mpenzi,

Tumerudi. Magoti mazima, mikono mizima.

Nianze na ziwa. Kigongo kulikuwa shwari, magugu yamesukumwa na upepo upande wa pili. Kutoka Kasenda kulikuwa na mawimbi madogo. Bibi yako ana wasiwasi kidogo na maji, sijui kama uliwahi kuligundua. Alinishika mkono tangu boti ilipong'oa nanga mpaka tulipofika. Nikamtuliza kwa kumweleza kwamba ziwa hili ni kubwa lakini kina chake ni kidogo kulinganisha na Tanganyika. Nadhani ilimsaidia. Nakiri kwamba msitu ulipoanza kuonekana, mweusi, mzima, unashuka mpaka majini bila paa hata moja la bati, nilisahau nilichokuwa nasema.

Sijawahi kuona miti kama ile, na nimetembea mikoa saba. Mingine inakuinamisha shingo nyuma mpaka kofia ianguke. Usiku kiboko alikuwa anakula majani nje ya dirisha letu, anatafuna kama ng'ombe mwenye adabu. Furukombe walikuwa wengi kama kunguru wa huko kwenu. Nzohe tulimwona mmoja, mgongo wake tu, akazama kwenye matete.

Jumamosi asubuhi Mhoja alitupeleka kwa boti ndogo mpaka kwenye ile ghuba. Jiwe lilikuwepo. Ni dogo kuliko nilivyokumbuka, au mimi nilikuwa kijana. Tukapanda, Mhoja mbele na bunduki yake kwa sababu ya tembo, bibi yako katikati, mimi nyuma nikitazama anapoweka miguu. Sikueleza kitu. Mhoja ni shahidi.

Minyaa imekuwa mirefu kama nyumba ya ghorofa, imeshikana, imeacha tu lile pengo la zamani la kuingilia. Bibi yako alisimama pale pengoni. Halafu akaingia peke yake.

Mhoja, akiwa pengoni, akaniambia, "Mzee, ingia tu, ndani hakuna nyoka, tunapajua." Nikamwambia asante. Akasema, "Basi njoo kivulini, humu ndani ni pazuri." Nikamwambia, "Kijana, hapa ni kwa mama mkwe wangu." Yeye ni Msukuma wa Magu, amekulia kwenye nyumba yenye adabu. Akaangalia miti, akaniangalia mimi, akavua kofia yake akaja kusimama nje pamoja nami.

Nikakumbuka kwamba sijatoa taarifa. Nikakohoa. Sikufikiri, Evelina, kifua kilijikohoa chenyewe kama zamani kwenye kona ya ua. Mhoja akaniletea maji ya kunywa, maskini, alidhani naumwa. Kisha nikasikia jibu kutoka ndani, nikakaa chini kwenye majani. Jibu lenyewe si langu kuliandika.

Bibi yako alikaa mle muda mrefu. Hatukuchukua hata jani, kama sheria inavyotaka. Alipotoka, fimbo yangu ilikuwa kwapani, hakuitumia, na akashuka mpaka kwenye boti akimsimulia Mhoja habari za jogoo fulani.

Lakini tangu turudi nina swali linanikaa. Pengine alinihitaji kule ndani na mimi nikabaki nje kwa ajili ya desturi za watu waliokufa. Mtu aliyesoma angeingia akamshika mke wake. Mwulize, lakini kwa ujanja.

Mumeo,
Venant


Dar es Salaam
24 Agosti 1997

Bibi, shikamoo.

Babu ameniambia nikuulize jambo kwa ujanja. Mimi ujanja sina, nimerithi kwenu wote wawili uongo tu. Anauliza kama alikosea kubaki nje ya ua. Hapati usingizi kwa ajili hiyo, ingawa hatakuambia.

Na mimi nauliza langu. Bado unaiona nyumba?

Kikaratasi kipya kimetoka. Nilimsubiri bosi akiwa amefurahi na wageni wa Mikumi, nikamwekea maneno mbele yake, akasema sawa, mradi yasiwe marefu. Sasa kimeandikwa: "Kisiwa hiki kilikuwa makazi ya wavuvi na wakulima, na nyua zao za minyaa bado zimesimama." Nakutumia kimoja. Twiga tumemwacha.

Mke mdogo,
Evelina


Buswelu
31 Agosti 1997

Mke mwenzangu Evelina,

Karatasi nimeipata, nimeibandika ukutani karibu na picha ya Bikira Maria.

Nakujibu yote, na usimsomee.

Nilipoingia kwenye ule ua niliona yaleyale waliyoniambia kaka zangu. Pori. Miti imeota katikati, mizizi imetambaa kila mahali, huwezi kujua mlango ulikuwa wapi wala mama yangu analala wapi. Nikatafuta jiwe la kusagia, sikuliona. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, nimeiua kwa macho yangu. Nikageuka nitoke. Nilikuwa nimekwisha kupanga nitasema nini nje: nitasema pazuri, asante Mwalimu, sasa twende ukaone ndege wako.

Ndipo nikamsikia anakohoa.

Kikohozi kilekile, Evelina. Mara mbili fupi, moja ndefu. Nilipokuwa msichana nilikuwa nakisubiri siku nzima. Na mtu hakohoi mbele ya nyumba isiyokuwepo. Anakohoa ili mama apate kupita upande wa migomba. Kwa hiyo migomba ikawepo upande wake. Nikajua mlango uko wapi, kwa sababu nilijua sauti ile ilikuwa ikitokea upande gani wa mlango. Nikajua nimesimama karibu na ghala, na kwamba mama yuko nyuma yangu, hatua chache, pale walipomlaza. Kila kitu kilikaa mahali pake kuanzia pale aliposimama yeye.

Na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumjibu, nikamjibu mimi. Nikasema kwa nguvu, "Mwambieni mwalimu apumzike, jua ni kali." Nikasikia majani yanavunjika, nikajua amekaa. Kisha nikamsikia anamwambia yule askari, taratibu, "Mwambie mama tumefika salama." Na yule kijana, Mungu ambariki, akaja mpaka pengoni, hakuingia, akaniambia, "Mama, mzee anasema mmefika salama."

Nikakaa na mama yangu mpaka nilipotosheka.

Angeingia, Evelina, akanishika kama watu waliosoma, tungekuwa wazee wawili tunalia porini. Kwa kuwa alibaki nje, mimi nilikuwa nyumbani. Mtu amevuka maji anayoyaogopa namna ile, akafika, halafu akawa na heshima ya kutoingia. Nimeishi naye tangu nikiwa msichana na bado ananishangaza.

Ndiyo, naiona. Sasa minyaa ni mirefu zaidi, na nje yake kuna mtu amekaa.

Habari za ndege nimekwisha kuzijua. Furukombe walikuwa wanalia juu yetu njia nzima na yeye hakuinua kichwa hata mara moja, alikuwa anatazama miguu yangu. Mtu wa ndege hatazami chini. Lakini usimwambie kwamba najua. Amesema mwakani angependa turudi, kwa sababu nzohe hakumwona vizuri. Nimemwambia sawa, kama ni kwa ajili ya nzohe.

Kuhusu usingizi wake usijali. Jana jioni alikuwa barazani anasoma gazeti, upepo ukaleta vumbi kutoka kwenye viwanja wanavyovichimba hapo juu, akakohoa. Nilikuwa jikoni nageuza ugali. Nikamjibu kutoka ndani, bila kutoka, "Mwambieni mwalimu apumzike."

Nikasikia gazeti linakunjwa. Alilala mapema.

Mke mkubwa,
Getruda